Usitoboe Bamba la Giaboksi kwa Kufuata Gasketi

Usimpelekee fundi huyo bamba hilo, ndugu. Umeandika kwamba unaifunga injini ya dizeli ya Toyota kwenye giaboksi ya Land Rover Series III, na kwamba fundi atalitoboa bamba la kuunganishia hivyo viwili kwa kufuata matundu ya gasketi ya zamani, akisema bolti zikiingia zote inatosha. Kisha ukauliza habari za mikono ya injini, rejeta na propela. Hayo mengine yatasubiri.

Maneno hayo hayo niliambiwa Ngamiani, Tanga, na mtu mwenye mashine ya kukereza na sifa mji mzima: "Bolti zikiingia zote, kazi imekwisha." Zikaingia zote. Gari lilitembea vizuri mjini, na hata kwenye lami ya Muheza halikulalamika. Ila tulipoanza kupanda kutoka Mombo kuelekea Soni, gia ya tatu ikawa inachomoka yenyewe, na chini kukasikika mlio wa chuma kusaga chuma. Giaboksi iliposhushwa, beringi ndogo ya kwenye kitako cha krenki, yaani shafti kuu ya injini, ilikuwa imesagika ikawa unga wa kahawia, ncha ya shafti ya giaboksi inayoingia humo imejaa makovu, na kitovu cha sahani ya klachi kimepasuka kuzunguka riveti zake. Matengenezo yalizidi bei ya injini. Fundi yule alidai kwamba ninaendesha vibaya, na hilo sijamsamehe, kwa sababu mtu anayelipwa kwa kupima hana haki ya kukisia.

Krenki na shafti ya giaboksi lazima zikae mstari mmoja, na bolti hukaza tu, hazielekezi. Bolti ya milimita 10 hupita katika tundu la milimita 11, kwa hiyo bamba linaweza kuhama nusu milimita kila upande na bolti zote zikaingia bila kinyongo, ilhali kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba mshale wa saa ya kupimia, kifaa chenye ncha kinachoonyesha kupishana kudogo sana, usipishane zaidi ya takriban milimita 0.13 katika mzunguko mzima.

Funga bamba na nyumba ya klachi bila giaboksi, simika saa hiyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu kubwa la katikati ya nyumba hiyo, kisha uzungushe injini kwa mkono. Mshale ukiyumba, legeza bolti kidogo, gonga kwa nyundo ya mpira, upime tena mpaka utulie. Hapo ndipo yatobolewe matundu ya pini mbili za kuelekeza, ili kila utakapofungua, bamba lirudi palepale. Fundi asiye na saa, mwombe asubiri uiazime. Akikataa, chukua bamba lako uondoke.