Mnyoo Hamezwi: Maswali Yenu Kuhusu Kinga ya Mwili

Mwalimu wa bayolojia alisema chembe nyeupe za damu humeza vijidudu. Mnyoo mrefu kama rula naye humezwaje? – Mwanafunzi, Buruburu

Hamezwi, na hapo ndipo penye utamu. Askari wa minyoo ni chembe iitwayo eosinofili, ambayo upana wake haufiki hata sehemu 20 za elfu za milimita moja. Buu tu wa mnyoo humshinda kumeza, sembuse mnyoo mzima. Kwa hiyo humnata. Lakini peke yake hapati pa kushika vizuri, huhitaji mpini. Mpini huo ni kingamwili, protini yenye umbo la herufi Y: mikono miwili humng'ang'ania buu, mkia hubaki nje. Eosinofili ina vipokezi vinavyoutambua mkia huo. Mikia ikiwa mingi, chembe hulala bapa juu ya buu, imemganda kama kupe, kisha humwaga sumu papo hapo kwenye ngozi yake. Protini za komplementi, yaani protini nyingine za kinga zilizomo kwenye damu, nazo huongeza pa kushika.

Karatasi ya vipimo vya mwanangu inasema eosinofili zimepanda. Ni minyoo? – Mama, Githurai

Huenda, mama, lakini pumu na mzio pia huzipandisha. Kwenye hadubini huziona zimejaa punje za rangi ya chungwa iliyoiva, zimebanana kama mbegu za komamanga. Hiyo ni rangi ya eosini tunayopaka kwenye kioo, nayo ndiyo iliyozipa jina tangu kazi ya Paul Ehrlich mwaka 1879. Haisemi kama kuna mnyoo, wala ni yupi. Peleka kinyesi kipimwe, na daktari aione hiyo karatasi.

Pilipili kali huua minyoo? – Kijana, Kayole

Hapana. Tumia dawa.

Mjomba ameishi na kichocho miaka mingi Kisumu. Hao askari walikuwa wapi? – Msomaji, Kawangware

Walikuwepo. Mnyoo wa kichocho akishakomaa hukaa ndani ya mishipa ya damu na kujivika molekuli za mwenye mwili, hata za kundi lake la damu, akapita kama mwenyeji. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, humharibu ngozi. Yaliyofichika hujitokeza, na kingamwili hupata pa kunata. Dawa na kinga humuua kwa pamoja. Tena minyoo wakifa, mwili huyaona yale waliyoyaficha. Watafiti waliwafuatilia waosha magari wa Kisumu, vijana wanaoshinda ndani ya maji ya Ziwa Victoria, wakiambukizwa na kutibiwa tena na tena. Baadhi yao walianza kukawia kuambukizwa upya. Mwambie mjomba, akiitwa kutibiwa mara ya tatu, asione dawa zile mbili za kwanza zilipotea bure.