Jibu: Mirra Andreeva hakuzuka tu Dubai

Ndugu yangu, umeuliza kama Mirra Andreeva, mchezaji tenisi wa Urusi, alizuka ghafla alipotwaa ubingwa wa mashindano ya Dubai, Februari 2025. Hapana, sisi tunaomfuatilia tulimwona akija.

Alizaliwa Krasnoyarsk, Siberia, Aprili 2007. Dada yake Erika naye ni mchezaji wa kulipwa, na baadaye wote wawili walikwenda kufanya mazoezi Cannes, Ufaransa. Mwanzoni mwa 2023 Mirra alipoteza fainali ya wasichana ya Australian Open kwa Mrusi mwenzake, Alina Korneeva.

Miezi michache baadaye akapewa mwaliko wa kucheza mashindano ya Madrid, na hapo ndipo nilipoanza kumfuatilia. Ana miaka 15, anamtoa Leylah Fernandez, kisha Haddad Maia, halafu siku anayotimiza miaka 16 anamfunga Magda Linette! Aryna Sabalenka, nyota wa Belarus, ndiye aliyemsimamisha. Wimbledon mwaka huohuo alianzia mechi za kufuzu akafika raundi ya nne.

Ila mechi ninayokusihi uitafute ni ya Australian Open, Melbourne, Januari 2024, dhidi ya Ons Jabeur, mchezaji ambaye Mirra mwenyewe alikuwa akivutiwa naye sana: alimshinda 6-0, 6-2. Itazame utulivu wake, anavyosubiri mpira na kubadili mwelekeo bila papara. Roland Garros (French Open) mwaka huo alimtoa Sabalenka, akafika nusu fainali.

Usimsahau kocha Conchita Martínez, bingwa wa Wimbledon 1994, aliyejiunga naye 2024. Baada ya Dubai, Mirra alichukua na ubingwa wa Indian Wells, Marekani, akiwa bado na miaka 17.