Kutumia diazepamu bila kunaswa nayo

Ukiandikiwa diazepamu kwa sababu ya wasiwasi, usitoke chumbani kwa daktari kabla hujaambiwa ni ya siku ngapi. Hii ni dawa ya muda mfupi: wiki mbili hadi nne, pamoja na siku za kuipunguza. Anayeendelea kuinunua kwa mazoea baada ya hapo, mwili wake unaanza kuitegemea, hata kama hajawahi kuzidisha kidonge kimoja.

Bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa "1x2" na basi. Chukua kalamu, ongeza nguvu ya kidonge (kuna vya 2, 5 na 10 mg), tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi kwa daktari. Nguvu ndiyo inayosahaulika. Mtu aliyezoea vya 5 akipewa vya 10 na kuendelea na 1x2 ileile, anakunywa maradufu bila kujua.

Halafu fahamu jinsi inavyokaa mwilini, maana madhara mengi yanatokea hapo. Ili nusu ya dozi iishe huchukua siku moja hadi mbili, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayotuliza vilevile na kudumu zaidi. Kwa hiyo kidonge cha leo kinakuta mabaki ya jana na ya juzi. Siku ya pili mtu yuko sawa. Siku ya saba, kwa dozi ileile, ulimi mzito, miguu inayumba. Mzee anaamka usiku kwenda msalani, anaanguka, nyonga inavunjika. Kwa hiyo mwachie taa, ondoa mkeka unaoteleza, na ukiona anayumba mrudishe kwa daktari mapema. Dereva, mwendesha bodaboda na fundi wa mashine wasijipime kwa siku ya kwanza tu.

Kuchanganya ndiko kunakoua. Pombe, tramadoli, morfini na dawa za kikohozi zenye kodeini, zote hupunguza kasi ya kupumua, na diazepamu inaongeza mzigo huohuo. Piriton na Phenergan nazo huongeza usingizi, na watu huzisahau kwa kuwa ni "dawa za mafua tu". Anayetumia dawa za kifua kikuu au ARV aseme mapema: rifampisini huiondoa diazepamu haraka mwilini, wakati ritonaviri inaweza kuifanya ikae zaidi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini na anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini, nao waseme.

Ukisahau dozi, usinywe mbili kufidia.

Sasa kuacha. Aliyeitumia kila siku kwa wiki kadhaa asiache ghafla, hata akijisikia amepona. Kwa kuwa dawa inatoka taratibu, siku mbili tatu za mwanzo huwa shwari. Baadaye, pengine wiki nzima ikiwa imepita, usingizi unakata, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Wengine hupata degedege. Mgonjwa anadhani wasiwasi wake umerudi, anarudi dukani, na mzunguko unaanza upya. Alprazolamu na lorazepamu, dawa za jamii moja na diazepamu, hutoka haraka zaidi, kwa hiyo hali hiyo inaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili.

Kupunguza kunapangwa na daktari, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Tuseme unakunywa 10 mg usiku. Ukiwa na vidonge vya 5 peke yake, kukata kimoja katikati kunakushusha hadi 7.5, yaani robo nzima kwa mkupuo mmoja, na wengi hushindwa hapo. Omba na vya 2 mg: kimoja cha 5 na viwili vya 2 vinafanya 9. Ukifika 5 mg, kupunguza 1 mg ni sehemu ya tano, hivyo hatua ziwe ndogo zaidi, nusu mg au chini ya hapo. Dalili zikikubana, baki kwenye dozi uliyopo wiki chache zaidi, usirudi juu bila kumuuliza daktari. Kuchelewa hakuna ubaya wowote.

Vidonge vifungie mahali ambapo mtoto hafiki, na usimgawie jirani aliyekosa usingizi.

Ukimkuta mtu haamki, anapumua polepole au midomo imegeuka rangi, mlaze kwa ubavu na ita msaada mara moja. Maziwa usimpe, wala usimtapishe, kwa sababu aliyezimia vitamwingia mapafuni. Beba bahasha na vidonge vilivyobaki hadi hospitali, ili wahudumu wajue amekunywa nini na kiasi gani.