Maswali ya Wasomaji: Mradi wa kikundi unapobebwa na mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha uhandisi wa programu katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Kila muhula nawapanga wanafunzi sita sita na kuwapa mradi wa mfumo wa maktaba. Mmoja huandika programu yote, wenzake hutia majina kwenye ripoti. Je, nirudi kwenye mtihani wa kila mtu peke yake?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, usiuache mradi wa kikundi. Kasoro imo katika kazi unayowapa: mfumo ambao kijana mmoja hodari anaumaliza kwa siku mbili hauhitaji watu sita, na wanafunzi wako wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta, katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huzidi kuuchelewesha, kwani kila anayeongezwa huongeza mawasiliano: watu watatu wana njia 3 za kuwasiliana, sita wana 15. Kuzimudu njia hizo 15 ndilo somo lenyewe, nalo halifundishiki kwa mtihani wa karatasi.

Tafuta basi mteja wa kweli, kwa mfano chama cha kuweka na kukopa kilicho jirani na chuo. Wanafunzi watakwenda wakidhani kwamba mkopo hulipwa tarehe ileile kila mwezi, kiasi kilekile. Mweka hazina atawafungulia daftari na kuwaonyesha mwanachama aliyelipa shilingi 20,000 mwezi Machi, akakaa kimya hadi mavuno, kisha akamaliza deni lote siku moja, sehemu yake ikitoka mfukoni mwa mdhamini. Jedwali la kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, walilolichora halitafaa tena. Itabidi wakae chini wakubaliane nani abadilishe nini, na kazi ya nani itavurugika akibadilisha.

Ningependa pia katikati ya muhula vikundi vibadilishane miradi, kila kimoja kiendeleze msimbo, yaani maandishi ya programu, kilioukuta. Kazini ndivyo ilivyo: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kutumika mapema mjini Eldoret, Kenya, umeendelezwa na watu wa nchi nyingi, na anayejiunga leo huanza kwa kusoma yaliyoandikwa na waliomtangulia.

Kuhusu alama, Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, itakuonyesha nani aliandika nini na lini, lakini usihesabu mistari, maana watairefusha bila sababu. Kila wiki mteue mwanafunzi yeyote, aeleze mbele yako sehemu iliyoandikwa na mwenzake, naye mwandishi asimsaidie. Alama ya maelezo hayo waipate wote wawili, ili yule hodari aone faida ya kuwafundisha wenzake, na utaratibu huo uutangaze kabla vikundi havijapangwa.