Mzee pumzika, mzee inuka: mazoezi wakati wa kemo ya kongosho

Baba alipomaliza dozi ya pili ya kemo, yaani dawa za saratani, nyumba nzima tuligeuka walinzi wa kitanda. Akitaka maji, analetewa. Akienda chooni, wawili wanamshika. Wageni nao neno lao ni moja: "Mzee, pumzika." Akapumzika mpaka mapaja yakaisha, suruali ikabaki kushikiliwa na mkanda tuliouongezea matundu mawili.

Saratani ya kongosho hula misuli hata kama mgonjwa anakula. Kongosho lisipotoa vimeng'enya vya kutosha, mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa na uzito unashuka. Ukiongeza kulala mchana kutwa, umemmaliza. Hata hivyo daktari alipomwandikia fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, niliona kama mzaha. Mtu hamalizi bakuli la uji, halafu mazoezi?

Dada wa fiziotherapia aliyempokea alimwamkia, akamketisha kitini na kumwomba ainuke na kukaa bila kujishikilia, kwa sekunde 30. Baba aliinuka mara 5. Ikaandikwa daftarini. Kisha likaja rundo la maswali kwangu: damu yake ikoje, chembe za kugandisha damu ngapi, sukari ya asubuhi, dripu ya mwisho lini. Mazoezi yenyewe yalikuja baadaye na hayakuwa ya ajabu: kuinuka kitini, kusukuma ukuta, kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli, kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Mara mbili kwa wiki kwa dada huyo, siku nyingine kutembea nyumbani. Kipimo chetu kilikuwa mdomo: akiweza kuongea sentensi nzima huku anatembea, sawa; akianza kukatakata maneno, apunguze. Siku mbili tatu baada ya dripu tulishuka hadi kutoka chumbani kwenda barazani na kurudi. Na ndala zilipigwa marufuku, kwa sababu dawa ya oxaliplatin ilimtia ganzi nyayoni na alishajikwaa kizingitini.

Asubuhi moja nikajifanya kocha. Nikamtoa matembezini hajanywa chai, ilhali alishachoma insulini ya kushusha sukari. Tulipofika gengeni jasho jembamba likamtoka, mikono ikatetemeka. Mama wa genge ndiye aliyekimbia kuleta soda. Kipimo nyumbani, baada ya soda yote hiyo, kilisoma 3.6, sukari bado iko chini. Tangu hapo hatoki bila kupima na kula, na mfukoni kuna glukosi.

Lakini siku iliyonifundisha maana ya msimamizi ni ile ambayo dada alikataa kumfanyisha baba mazoezi. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba. Baba alisema ameulalia vibaya. Dada akachukua futi ya fundi cherehani, akapima miguu yote miwili, akafunga daftari na kutuelekeza moja kwa moja kwa daktari. Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa. Wagonjwa wa kongosho wako hatarini sana kwa hilo, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Mimi usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemkanda mguu huohuo kwa mafuta ya moto, na kwa nguvu. Usikande mguu mmoja uliovimba ghafla, jamani. Mpeleke hospitali. Vilevile akikatika pumzi, akiumwa kifua, akitokwa damu, au homa ikifika 38, si siku ya mazoezi.

Huko Heidelberg, Ujerumani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa kongosho kwa miezi 6, baadhi wakifanya mazoezi ya nguvu chini ya msimamizi, wengine peke yao nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha waliosimamiwa ndio walioongeza nguvu zaidi. Sikushangaa.

Kama kwenu mtaalamu yuko mbali, mwombe daktari akuandikie barua hata ya kikao kimoja, nenda na majibu ya damu, umwonyeshe mzee anavyoinuka na upangiwe cha kufanya nyumbani. Aliyepasuliwa aulize kwanza kwa daktari wa upasuaji ni lini anaruhusiwa kunyanyua kitu. Kidonda cha tumbo hakina haraka.

Baba alirudi mazoezini daktari aliporidhika na dawa ya kuzuia damu isigande. Juzi ameinuka mara 11. Mwenyewe anasema 12, ila dada hakumhesabia ya mwisho, eti aligusa mkono wa kiti. Wamebishana mpaka mlangoni.