Siku zisizo na mauzo zinapotoweka kwenye ripoti

Ndugu yangu, umesema ripoti yako ya mauzo ya Machi inaruka tarehe 10 na 17, kwa kuwa duka lilifungwa Jumapili hizo. GROUP BY, amri ya SQL inayokusanya data kwa makundi, haikukosea. Inapanga safu (mistari ya jedwali) zilizopo tu. Siku isiyo na safu haina cha kupangwa. Kwa hiyo anza na kalenda, kisha uiunganishe na mauzo. Kwa PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), generate_series inatengeneza orodha ya siku, LEFT JOIN inabakiza kila siku hata isiyo na mauzo, na COALESCE inaweka 0 mahali patupu:

SELECT k.siku::date, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0)
FROM generate_series('2024-03-01'::date, '2024-03-31'::date, interval '1 day') AS k(siku)
LEFT JOIN mauzo m ON m.tarehe = k.siku::date
GROUP BY k.siku ORDER BY k.siku;

Hapa ndipo wengi hunaswa, nami nilipoteza jioni nzima: ukitaka tawi moja tu, sharti la m.tawi = 3 liweke ndani ya ON. Ukiliweka kwenye WHERE, siku tupu zinafutwa tena, maana kwao m.tawi ni NULL, yaani haina thamani. Na ukihesabu risiti, tumia COUNT(m.id). COUNT(*) huhesabu hata safu ya kalenda yenyewe, hivyo itakupa 1 siku ambayo hukuuza kitu.

Kama tarehe yako ina saa ndani yake, linganisha kuanzia siku hiyo hadi kabla ya siku inayofuata.

MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, haina generate_series. Kuanzia toleo la 8.0 tumia WITH RECURSIVE, swali linalojirudia kuzalisha siku moja baada ya nyingine, ambayo kwa kawaida hukomea mizunguko 1000. Kwa ripoti za kila siku, mimi ningetengeneza jedwali la kalenda la kudumu. Miaka 10 ni safu 3,653 hivi, na humo utaweka hata sikukuu.