Kwa nini ufa mdogo hutulia, kisha ghafla ukakimbia?

SWALI: Kokoto iligonga kioo cha mbele cha gari langu, kikapata ufa usiofika urefu wa ukucha. Ukakaa hivyo miezi miwili. Juzi gari lilishinda juani, nikalimwagia maji baridi, na ufa ukakimbia hadi pembeni. Nasikia wahandisi hutabiri hili kwa hesabu ya nishati. Hesabu gani, na ufa ulikuwa ni uleule?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Ufa ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mkazo, yaani nguvu inayokivuta kioo kwa kila kipimo cha eneo. Maji yalipoza uso wa nje ukataka kusinyaa, ndani bado pamoto panakataa. Uso wa nje ukavutika.

Kioo kilichovutika kina nishati ndani yake, kama mpira wa manati. Ufa ukisogea, sehemu zilizo kando yake hulegea na kuiachia nishati hiyo. Ila kusogea kuna gharama, maana kila hatua inazaa nyuso mbili mpya. Mwingereza A. A. Griffith alilionyesha hili kwa majaribio ya vioo, katika utafiti aliouwasilisha mwaka 1920: ufa hukua pale nishati inayoachiwa inapotosha kulipa gharama hiyo.

Kwa kioo, gharama ni takriban jouli 8 tu (jouli ni kipimo cha nishati) kwa mita ya mraba. Vyuma vingi vya ujenzi hudai maelfu kwa maelfu, kwa kuwa chuma hunyumbuka kwanza kwenye ncha ya ufa, na kunyumbuka huko hula nishati nyingi. Mmarekani George Irwin ndiye aliyeipanua hesabu ya Griffith ifae vyuma.

Sasa angalia penye hatari. Ufa unavyorefuka, nishati inayoachiwa kwa kila hatua huongezeka, lakini gharama haipandi. Ufa wa milimita 2 uliopenya kioo huhitaji mkazo wa megapaskali 13 hivi (megapaskali ni kipimo cha mkazo) ili ukimbie. Ukifika milimita 8, nusu ya mkazo huo inatosha. Ndiyo maana ukishaanza hausimami njiani, labda ufike mahali ambapo mkazo umepungua.

Tena, huenda wako haukutulia kabisa ile miezi miwili. Unyevu ukifika kwenye ncha ya ufa hukata polepole vifungo vinavyoshikanisha chembe za kioo, hata mkazo ukiwa chini ya ule wa kuufanya ukimbie. Kioo kipya kikigongwa, mpelekee fundi siku hiyohiyo akijaze gundi kabla maji hayajaingia.